Kiraka cha Saba

Saa mbili kamili asubuhi, kabla minara haijafunguliwa masikio, watu wa kituo cha kusikiliza anga cha Mwasutu husimama uani na kukagua ukimya. Usicheke, ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Mmoja anasoma karatasi, mwingine anajibu. Simu? Zote sandukuni. Jenereta? Limezimwa. Saa za mkononi, tochi za kuchaji, na lile birika la umeme ambalo mpishi huapa kila wiki kwamba alishalitupa? Vimekabidhiwa. Vitu kumi na tisa husomwa hivyo, na kwa cha ishirini msomaji hushusha sauti kidogo kwa adabu.

"Marehemu?"

"Wote," hujibu Dk. Nakijwa Mshana, mkuu wa kituo, na kutia sahihi.

Alikuwa akijibu hivyo kwa miaka sita, na kwa miaka yote sita alikuwa akidanganya. Asubuhi ile ya Jumatano, mwishoni mwa Julai, upepo wa baridi ukichapa uwanda mzima wa alizeti, alidanganya tena, akarudisha kalamu mfukoni, akaenda kunywa uji.

Uji haujapoa, akamwona Lukelo Mdegela anatoka kwenye chumba cha chuma na karatasi ndefu mikononi. Lukelo alikuwa mwanafizikia kutoka Iringa, mtu wa miaka thelathini na mitatu, mwenye miezi minne tu kituoni, na bado alikuwa na ule ugonjwa wa wageni wa kusoma kila kitu kilichoandikwa. Kompyuta za Mwasutu hufungiwa ndani ya kuta za chuma zisije zikanong'ona na kuharibu usikivu, kwa hiyo kila kinachotakiwa kuonwa huchapwa kwenye karatasi, hutandazwa juu ya meza ndefu uani, na pembe zake hugandamizwa kwa mawe manne. Lukelo alitandaza, akaweka mawe, akasimama pembeni mikono nyuma.

Tuyaseme kwa ufupi, maana yeye aliyasema kwa urefu. Hapo mwanzo ulimwengu ulikuwa giza tupu na gesi ya hidrojeni. Hidrojeni ina mlio wake mmoja, hauna mwingine. Mlio uliotoka wakati galaksi za kwanza zinawasha nyota zao za kwanza umesafiri miaka zaidi ya bilioni kumi na tatu kutufikia, na kwa kuwa anga lenyewe limekuwa likitanuka njiani, nao umevutwa, ukarefuka mara kumi na tano na ushei, hadi ukaangukia mle mle zilimokuwa redio za babu zetu, karibu na megahezi tisini na moja. Nyota zile zilipowaka, gesi ilimeza sehemu ndogo ya mnururisho uliokuwa umejaa angani, na ukichora grafu utaona shimo mahali ilipomeza. Atakayeona sakafu ya shimo hilo atajua nyota za kwanza zilizaliwa lini, na zilizaliwaje.

Nakijwa alikuwa akilitafuta shimo hilo tangu ana miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa na arobaini na tisa. Wanafunzi wake wote walikuwa wanalijua swali lake kwa moyo: wingu la gesi halizai nyota likiwa na joto. Joto hulitanua, hulishikilia lisianguke. Lazima lipoe kwanza, liishiwe nguvu ya kujizuia, lijikunje ndani yake lenyewe, ndipo liwake. Sasa yale mawingu ya kwanza yalipoa kiasi gani? Kina cha shimo ndicho kingejibu, maana shimo lenye kina ni gesi iliyopoa sana.

Kwenye karatasi ya Lukelo mstari ulikuja umenyooka kutoka kushoto, kisha ukaanza kushuka. Kulia, mbali kidogo, ulikuwa unapanda kurudi ulikotoka. Katikati hapakuwa na kitu, karatasi nyeupe tu upana wa kiganja, na juu yake chapa ndogo: kiraka cha saba.

Viraka ndivyo wanavyoita sehemu za sikio zilizozibwa kwa makusudi kwa sababu zina kelele. Sita kila mtu alizijua: radi, ndege, nyaya za umeme za mjini, na kadhalika. Ya saba ilikuwa na maelezo ya mkono wa Nakijwa mwenyewe: Hitilafu ya kichujio, mnara wa nane. Isiguswe. Na haikuguswa. Kwenye mnara wa nane ndiko alikoanguka mumewe, Hango Ntandu, fundi wa minara. Watu wa pale hawana tabia ya kumhoji mjane kuhusu mahali alipofia mumewe, hata kama wana shahada tatu tatu. Walipita mbali na kiraka kile kama wanavyopita mbali na mlango wa chumba cha mfiwa.

"Sakafu iko chini ya kiraka, Daktari," Lukelo alisema. "Naomba ruhusa nikifungue."

Alieleza kwamba haraka yake ina sababu. Tarehe tisa Agosti utando mpya wa satelaiti elfu arobaini ungewashwa, wakubwa walishasaini, na kuanzia siku hiyo hakuna pembe ya dunia ambayo ingesikia tena masafa yale. Zimebaki siku kumi na mbili. Saa mia moja na hamsini za usikivu safi zingetosha. Kama kichujio cha mnara wa nane ni kibovu, yeye mwenyewe yuko tayari kupanda akakitoe.

Nakijwa alimuuliza kama kelele haiwezi kubaki ikaondolewa baadaye kwa hesabu. Alijua jibu, aliuliza ili apate muda. Lukelo akajibu kwa upole kwamba kelele hiyo ina nguvu mara laki moja kuliko mlio wanaoutafuta, na tena si kelele tulivu, inabadilika badilika, inapanda na kushuka, kana kwamba, samahani Daktari, kana kwamba kuna mtu anaongea.

Nakijwa akasema atafikiri. Alirudi kwenye uji wake akakuta umeganda.

*

Makaburi ya ukoo wa Ntandu yako nyuma ya kilima cha mawe, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Aliondoka saa tisa alasiri, akaaga kwamba anakwenda kukagua uzio, kama alivyoaga kila Jumatano. Mfukoni alikuwa na kopo la majani ya chai, na chini ya majani ya chai ya kweli kulikuwa na kipokezi cha sikioni, kidogo kama punje ya maharage.

Nchi nzima siku hizo watu walizikwa na visema. Mtu huvaa kinasa shingoni maisha yake yote, kikisikiliza anavyocheka, anavyogomba, anavyoitikia simu, na kila anachoambiwa sikioni. Akifa, yote yale humiminwa kwenye jiwe dogo, ndicho kisema chenyewe, linalofukiwa upande wa kichwa. Jiwe humsikia anayekuja na humjibu kwa mawimbi hafifu, sikioni mwake peke yake, maana si heshima maneno ya marehemu kusikiwa na wapita njia. Kama anayejibu ni yeye mwenyewe au ni jiwe tu, hilo waulizwe mapadri na mashehe. Nakijwa alijua kabisa kwamba ni jiwe, na bado kila Jumatano alioga na kujipaka mafuta mazuri kabla ya kwenda.

Zamani watu walikuwa wakiwanakili wafu wao ovyo, hadi ikafika mahali marehemu anatangaza sabuni na kuuza shamba la wanawe. Serikali ikakata shauri: maiti mmoja, jiwe moja. Jiwe halinakiliki, likihamishwa linajifuta, na hupumua mawimbi hewani usiku na mchana ili ijulikane lipo. Likizibwa pumzi kwa saa moja, vyote vilivyomo hupotea. Sasa, pumzi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingia masikioni mwa minara. Ndiyo maana miaka tisa iliyopita, kituo kilipojengwa, visema arobaini na moja vya Mwasutu vilizimwa vyote. Aliyepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu, akikaa nao mkekani, akila ugali wao na kulia nao, alikuwa Nakijwa. Aliyefuatana naye, kwa kuwa ni mwenyeji na watu walimwamini, alikuwa Hango.

Miaka mitatu baadaye Hango akateleza. Kinasa kilikuwa shingoni mwake. Nakijwa alikaa nacho kabatini siku arobaini, na siku ya arobaini na moja akapanda basi kwenda Dodoma kununua jiwe.

"Karibu, Profesa," sauti ilisema mara tu alipokaa.

Alimwita Profesa tangu walipoonana mara ya kwanza, ingawa uprofesa wenyewe haukuwahi kuja. Akauliza upepo unavyoendelea, akasema anasikia kengele za mbuzi ziko karibu mwaka huu, akauliza kama mpishi bado ana lile birika lake. Nakijwa akamwambia lilikamatwa tena juzi, ndani ya gunia la vitunguu. Walicheka. Hango alipiga ule mluzi wake wa kati ya meno, aliokuwa akiupiga akifikiri, na Nakijwa akafumba macho ausikie vizuri.

Alimtamani mumewe. Hakuna haja ya kuzunguka zunguka, miaka sita na bado alimtamani vile vile, mikono yake yenye harufu ya grisi, uzito wake kitandani, ile tabia yake ya kukaa kwenye kizingiti akivua buti na kuzuia njia watu wote. Sauti haikumpa hata kimoja kati ya hivyo. Iliyafanya mapengo yake yabaki mabichi, basi, na yeye aliyataka mabichi. Wajane wenzake walikuwa wamelia wakamaliza, wengine wameolewa tena, na yeye kila Jumatano alikuwa anatoka makaburini akiwa mjane wa jana.

Alimweleza habari za karatasi ya Lukelo. Alieleza kila kitu isipokuwa jina la kiraka. Hango alisikiliza, akapiga mluzi kidogo, kisha akauliza swali lake la siku zote.

"Na marehemu, wamezima wote?"

"Wote," Nakijwa akasema.

"Haya," Hango akasema.

Alikaa pale hadi kivuli cha kilima kikamfikia miguuni. Njia ya kunyamaza ilikuwepo, wala haikuwa ngumu. Angemwambia Lukelo kwamba kichujio hakitoki, Lukelo angesikitika, tarehe tisa ingefika, satelaiti zingewaka, na dunia ingekosa namba moja ambayo watu wengi hawakujua kwamba wanaihitaji. Hakuna ambaye angemgundua. Alijaribu kuitembea njia hiyo kichwani, akaona kwamba anaiweza, na kuona kwamba anaiweza kulimtisha kuliko kitu chochote. Akatoa kipokezi sikioni, akakifukia chini ya majani ya chai.

*

Kurudi kituoni lazima upite kwa Bi Veneranda Kijanga. Ni mama wa miaka sabini na moja, mfuga nyuki, mwenye ulimi usiochagua mtu wala siku. Miaka tisa iliyopita kisema cha binti yake Leokadia kilikuwa cha kwanza kuzimwa pale Mwasutu, na baada ya yeye kukubali ndipo wengine wakakubali. Kila Jumatano Nakijwa alimwamkia kutoka barabarani na kupita upesi. Siku hiyo aliingia uani.

Bi Veneranda alikuwa anakamua masega. Alimwitikia shikamoo yake, akamwonyesha kigoda kwa kidevu, akaendelea kukamua. Nakijwa alikaa, akasema yote, kuanzia kabati hadi karatasi ya asubuhi ile. Alisema bila kupumzika, maana alijua akipumzika hataanza tena. Alipomaliza, asali ilikuwa bado inachuruzika kwenye sufuria na mama wa watu hajanyanyua uso.

"Miaka sita," Bi Veneranda alisema hatimaye. "Napita pale na mdomo wangu umefungwa, kumbe ndani mnaongea."

Nakijwa akasema ndiyo, mama.

Sasa hapa ni lazima ijulikane desturi. Watu wa Mwasutu walipokubali kuzima visema, walikataa kuvizima kienyeji, wakasema mtu akizimwa amekufa mara ya pili na lazima apewe matanga yake. Siku ikishatangazwa, wenye msiba hawaendi tena kaburini, wasije wakageuza nia. Siku yenyewe husimama nje ya uzio. Anayeingia kuziba jiwe ni mtu baki, na neno la mwisho la marehemu analisikia yeye peke yake. Humwita mbeba neno. Hukaa nalo, halitoi, mpaka mwenye msiba amwendee kwa miguu yake na kuliomba. Wengine waliomba kesho yake, na wengine baada ya mwaka.

Mbeba neno wa Leokadia alikuwa Hango, na Bi Veneranda hakuomba. Alikasirika, alisema wazi. Alikuwa amekubali kwa kichwa, moyo ukakataa, na kila akimwona Hango juu ya minara yake alimwona mwizi. Akajiambia atamwomba akitulia. Mwaka wa kwanza haukumtuliza, wala wa pili. Wa tatu Hango akaanguka, akaenda na neno la mtoto wake.

"Nimelia msiba wa mumeo kuliko wewe," alisema. "Na hukujua kwa nini."

Aliinuka, akanawa mikono polepole hadi kwenye viwiko. Kisha akatoa masharti yake bila kupandisha sauti. Itakuwa Jumamosi, mchana, jua likiwaka. Nyumba zote arobaini na moja zitaitwa, na Nakijwa mwenyewe ndiye atakayepita kuziita, kama alivyopita ule mwaka. Atakayeziba jiwe ni yeye Veneranda, na kabla ya kuziba ataongea na Hango peke yake kwa muda atakaoutaka.

"Na tangu sasa siku imetangazwa," alisema, akanyoosha mkono. "Lete kopo."

Hapo ndipo Nakijwa alipoelewa kwamba hatamsikia tena. Alikuwa amefikiri bado anazo siku tatu. Alikuwa ameshazipanga, atamwambia ukweli Alhamisi, Ijumaa wataagana. Sasa neno lake la mwisho kwa mumewe lilikuwa limeshasemwa, nalo lilikuwa uongo. Alilishika lile kopo kwa mikono miwili, na Bi Veneranda alingoja mkono ukiwa umenyooshwa, hakuharakisha wala hakuurudisha, mpaka Nakijwa akalitoa.

*

Alhamisi alimwambia Lukelo. Lukelo alikaa chini kwenye udongo palepale uani, msomi mzima. Kisha akauliza kama hata makala za miaka sita zitabidi kusahihishwa, Nakijwa akasema zote. Alikwishawaandikia wakuu. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo kwa mjumbe wa pikipiki: abaki hadi tarehe tisa kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua mitambo vizuri, lakini sahihi yake imesimamishwa, na baada ya hapo ataitwa kujieleza. Alhamisi na Ijumaa alipita nyumba kwa nyumba. Kuna waliomkaribisha na kuna waliomsikilizia mlangoni.

Jumamosi walikuja wote. Walisimama kando ya uzio wa makaburi ya akina Ntandu, wazee kwa watoto, na baridi ilikuwa kali, upepo ukipeperusha vitenge. Nakijwa alisema mbele yao alichokifanya. Hakujitetea. Mwanamume mmoja aliyekuwa amemzima mkewe mwaka ule, kinyozi aitwaye Muna, akasogea hadi wakakaribiana.

"Mke wangu alikuwa hataki kuzimwa," akamwambia. "Ulinishika mkono, ukalia na mimi. Nikadhani tumefanana."

Muna hakungoja jibu. Alirudi kusimama kwenye nafasi yake. Hakuondoka, wala hakuna aliyeondoka.

Bi Veneranda aliingia peke yake, kopo mkononi, sweta lake la zambarau limening'inia begani. Walimwona anainama, anatia kipokezi sikioni kwa shida, anakaa juu ya jiwe la pembeni. Walimwona anaongea. Kisha akanyamaza, akawa anasikiliza, na katikati ya kusikiliza akafanya jambo ambalo watu waliliona wasilielewe: alivuta lile sweta begani, akalivaa, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Aliendelea kukaa vile kwa muda. Baadaye akaongea tena, akasikiliza tena. Mwisho akapiga magoti, akaliziba jiwe kwa kifuniko cha madini ya risasi kisichopitisha mawimbi, akakaa juu yake saa nzima kama desturi inavyotaka, na watu wakasimama naye saa nzima.

Nakijwa alishika uzio. Hakusikia kitu, hakukuwa na kitu cha kusikia, mawimbi hayana sauti kwa asiye na kipokezi. Lakini saa ilipotimia alijua, maana Lukelo, aliyekuwa kwenye chumba cha chuma, alitoka akapandisha bendera nyeupe kileleni mwa mnara, ikaonekana kule mbali juu ya kilima, kuonyesha kwamba sehemu ya saba ya sikio iko wazi. Wanawake wakaanza kulia kilio cha matanga. Wa kwanza kumkumbatia Nakijwa alikuwa dada yake Muna, na hapo Nakijwa akalia kwa mara ya kwanza kilio chenye mwisho ndani yake.

Bi Veneranda alipotoka alimpita, kisha akarudi hatua mbili. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba neno analo, na kwamba asifanye kama alivyofanya yeye. Yeye ni mzee.

*

Zilibaki siku tisa. Walisikiliza saa kumi na saba kwa siku, wakipokezana kulala, na asubuhi Lukelo ndiye aliyetia sahihi ya ukimya, Nakijwa akisoma karatasi. Ilimuuma kusoma cha ishirini. Alikisoma.

Shimo lilijitokeza pole pole. Siku ya tatu karatasi ilionyesha mkwaruzo tu mahali palipokuwa peupe. Siku ya tano kulikuwa na mteremko. Siku ya nane, juu ya meza ndefu, chini ya mawe manne, mstari ulishuka, ukafika chini, ukatambaa kidogo, ukapanda. Sakafu ilikuwa chini kuliko hesabu ya mtu yeyote aliyewahi kuifanya, pamoja na yake mwenyewe. Gesi ile ilikuwa imepoa kupita kiasi. Mawingu ya kwanza yalijikunja mapema, yakaanguka bila kubishana, na nyota zikawaka kwenye giza ambalo kila mtu alidhani bado lina joto mno. Lukelo alizunguka meza mara tatu akiwa ameshika kichwa. Nakijwa aliweka kidole kwenye sakafu ya shimo, mahali hasa ilipokuwa sauti ya Hango, akakiacha pale. Miaka ishirini na mitatu. Alitamani kumwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo hayupo.

Alasiri hiyo alivaa viatu, akaenda kwa Bi Veneranda. Alipiga hodi kwa heshima, akaingia, akaamkia, akakaa kwenye kigoda kile kile. Sweta la zambarau lilikuwa limefungwa hadi shingoni ingawa uani kulikuwa na jua.

"Nimekuja kuomba neno," alisema.

Bi Veneranda akaacha kazi, maana neno halitolewi mikono ikiwa na kazi. Alianza na la kwake. Alisema siku ile ya Leokadia alisimama mbali, nyuma ya uzio, akijificha mtoto asijue kwamba mama yupo. Na Leokadia alijua. Neno lake la mwisho kwa Hango lilikuwa hili: mwambie mama avae sweta, namsikia anakohoa pale nje. Hilo ndilo alilolikasirikia miaka tisa, neno la sweta. Alilisema, akacheka kidogo, akajifuta macho kwa mkono wa sweta lenyewe.

Kisha akaja kwa Hango. Alisema alipomaliza habari za Leokadia, Hango alimuuliza kama wamezima wote. Naye akamjibu, bado mmoja. Hango akapiga mluzi, ule wake wa kati ya meno. Wala hakushangaa.

"Alisema alijua tangu mwanzo," Bi Veneranda alisema. "Kila akikuuliza ulikuwa unasema wote, na sauti yako inashuka pale pale. Akawa anauliza kila Jumatano, akitumaini utasema mwenyewe. Na kila Jumatano, alisema, alifurahi kidogo kwamba hujasema."

Nakijwa akaficha uso kwa mikono. Mama yule alimngoja, kama alivyomngoja siku ya kopo.

"Halafu akasema nizibe. Neno lenyewe ni hili: mwambieni Profesa sasa anaweza kusema wote, na sauti haitashuka."

Kesho yake ilikuwa asubuhi ya mwisho. Walisimama uani saa mbili kamili, wote tisa na mpishi, upepo umetulia. Jioni satelaiti zingewashwa. Nakijwa alinyoosha mkono kupokea karatasi, lakini Lukelo hakumpa. Aliisoma mwenyewe, simu, jenereta, saa za mkononi, birika, na wenzake wakajibu kimoja kimoja hadi cha kumi na tisa. Kisha akashusha sauti, akasoma cha ishirini, na badala ya kujijibu na kutia sahihi alimgeukia Nakijwa, akasubiri, na watu wote wakasubiri naye.

"Wote," Nakijwa akasema.

Alijisikiliza. Kisha akaenda kufungua minara.